Je, Wajua? Karata za Subira na Karata za Mbio

Je, wajua kwamba neno karata tumelipata kwa Wareno? Kopa, uru, shupaza na turufu nazo zilifika pwani kwa njia hiyohiyo.

Je, wajua kwamba simu unayochezea karata usiku, uwe Dilala au Manika hapa Kolwezi, huenda imebeba kipande cha Lualaba? Betri nyingi za simu zina kobalti, na takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, hapa kwetu na kwa jirani zetu wa Haut-Katanga. Kijana wa Kolwezi anayefungua Hearthstone, mchezo wa karata wa mwaka 2014, ana haki ya kuujua kwa undani kama kijana wa Tokyo.

Je, wajua kwamba mama wa michezo ya aina ya Hearthstone, Magic: The Gathering, ulibuniwa na mwanahisabati? Ni Richard Garfield, na ulitoka mwaka 1993. Unaanza na uhai 20, pakiti ya karata 60 na karata 7 mkononi. Ukiacha ardhi za kawaida, karibu kila karata mwisho wake nakala 4.

Je, wajua kwamba Lightning Bolt hugharimu mana 1 tu, yaani nguvu ya kulipia karata, na kukata uhai 3? Piga hesabu: karata 7 za namna hiyo zinammaliza mtu. Hapo ndipo pakiti za mbio zinapopata ukali wake. Mwaka 1996, mjini Atlanta, Paul Sligh alicheza pakiti nyekundu iliyobuniwa na Jay Schneider, yenye viumbe wadogo wa bei nafuu waliopangwa ili mana ya kila zamu itumike yote. Hadi leo pakiti za aina hiyo huitwa Sligh.

Dawa yake je? Wajua kwamba Brian Weissman, katikati ya miaka ya 1990, alijulikana kwa pakiti iliyoitwa The Deck, ambayo washambuliaji wake walikuwa malaika wawili tu? Aliweka mezani Moat, yaani handaki, na kiumbe asiyeruka hakuweza tena kushambulia. Malaika wake, Serra Angel, waliruka juu ya handaki hilo. Karata moja ilizifanya karata nyingi za mpinzani kuwa mzigo. Siri yote ya pakiti ya kuzuia ni hiyo: kila karata yako ilipe deni la mbili au tatu za mwenzako. Wrath of God huua viumbe wote mezani kwa mana 4. Ukimtupia kiumbe mmoja umeipoteza. Kama uhai wako unastahimili, ngoja wafike watatu.

Lakini kuifikia zamu ya nne, unapopata mana hizo 4, ukiwa hai ni kazi. Je, wajua kwamba nakala 4 katika karata 60 zinakupa nafasi ya asilimia 40 tu ya kuanza na hata moja mkononi? Karata 8 za kazi moja zinakupa asilimia 65, na 12 zinafika 81. Wengi hujaza mibabe ya mana 6 na 7, kisha wanakufa nayo mkononi. Kwangu hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote.

Je, wajua kwamba mwaka 1999 Mike Flores aliandika kwamba mchezaji asiyetambua kama yeye ndiye mshambuliaji au mlinzi hushindwa? Hata pakiti za mbio zikikutana, iliyo nzito zaidi inapaswa kulinda.

Je, wajua kwamba hata katika mchezo wa kadi wa Kenya, ukitupiwa 2 au 3 ili uokote, ree huzuia adhabu? Anayeitupa mapema anabaki uchi.

Na kisolo, mchezo wa bao wa Waluba, je? Kina safu nne za mashimo, mbili kwa kila mchezaji, na ukamataji huanzia safu ya ndani. Wazee wanajua kulimbikiza nyuma.

Kwa hiyo leo, kabla hujachagua mbabe wako, hesabu karata zako za mana 1 na 2 zinazoua kiumbe. Zikiwa chini ya 8, ondoa mibabe miwili uongeze hizo.