Wataalamu wanaokesha ili kuchunguza usingizi wa wengine

WAKATI watu wengi wanapozima taa na kujifunika blanketi, kuna kundi la wahudumu wa hospitali ambao kazi yao ndiyo kwanza inaanza. Hawa si wauguzi wa wadi wala madaktari wa dharura, bali ni wataalamu wa vipimo vya usingizi, ambao huajiriwa kukesha wakimtazama mtu mwingine akilala.

Kazi hii imekita mizizi zaidi nchini Marekani. Huko, Dkt William Dement alifungua kliniki ya maradhi ya usingizi katika Chuo Kikuu cha Stanford mnamo 1970, ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake.

Msingi wake, hata hivyo, ulikuwa umewekwa mapema. Daktari Mjerumani Hans Berger alichapisha mnamo 1929 matokeo yaliyoonyesha kwamba umeme wa ubongo wa mwanadamu unaweza kunaswa na kuchorwa. Mnamo 1953, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza kuhusu kipindi cha usingizi ambapo macho huchezacheza kwa kasi chini ya kope, kipindi ambacho ndoto nyingi huotwa.

Ugunduzi huo ulibainisha kwamba aliyelala si sawa na taa iliyozimwa. Ubongo wake hupitia hatua mbalimbali, na kila hatua ina michoro yake.

Nyaya kutoka utosini hadi miguuni

Katika vituo vingi, zamu huanza saa moja jioni na kumalizika saa moja asubuhi, usiku tatu au nne kwa juma. Kwa kawaida, mtaalamu mmoja huangalia wagonjwa wawili, kila mmoja katika chumba chake.

Mgonjwa anapowasili, mtaalamu hupima kichwa chake kwa utepe na kutia alama mahali pa kubandika elektrodi. Vipimo hivi havikisiwi kwa macho, kwani kibandiko kikikosea mahali pake, mchoro hupotosha.

Vibandiko vingine huwekwa kando ya macho, kidevuni, kifuani na miguuni. Mikanda hufungwa kifuani na tumboni ili kupima jitihada za kupumua, kijibomba huwekwa puani kunasa mwendo wa hewa, na kifaa kidogo hubanwa kidoleni kupima oksijeni katika damu. Shughuli hii yaweza kuchukua karibu saa nzima.

Kabla ya taa kuzimwa, mgonjwa huambiwa afumbe macho, atazame kushoto na kulia, aume meno na achezeshe mguu. Hapo mtaalamu huthibitisha kwamba kila waya unaleta ujumbe unaotakiwa. Kisha hurejea katika chumba chake cha skrini, ambako humwona mgonjwa kupitia kamera inayoona gizani.

Michoro husomwa kwa vipande vya sekunde 30. Mtu akilala saa nane, hivyo ni vipande 960, na kila kimoja lazima kipewe hatua yake ya usingizi.

Kinachosakwa zaidi ni kukatika kwa pumzi. Hewa ikikoma kwa sekunde 10 au zaidi, tukio hilo huhesabiwa, pamoja na vipindi ambapo hewa hupungua tu. Anayepatwa na matukio matano hadi 15 kwa saa huwa na tatizo dogo. Kati ya 15 na 30 ni la wastani. 30 na zaidi ni tatizo kali.

Wapo wanaoamini kwamba anayekoroma anafaidi usingizi. Ukweli ni kwamba mkoromo unaokatizwa na kimya kirefu, kisha mtu akashtuka kama aliyekabwa, ni dalili ya hatari. Tatizo hili huhusishwa na shinikizo la damu, kiharusi, maradhi ya moyo na ajali za barabarani.

Tiba yake kuu ni mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe, iliyobuniwa na Dkt Colin Sullivan nchini Australia na kutangazwa mnamo 1981. Ni mtaalamu wa zamu ambaye humvisha mgonjwa barakoa hiyo na kuongeza nguvu ya hewa kidogo kidogo hadi pumzi itulie. Hata hivyo, haruhusiwi kumwambia mgonjwa anaugua nini. Hilo ni jukumu la daktari.

Saa kumi za usiku

Ugumu wa kazi hii unadhihirika kunako saa kumi za usiku. Usingizi wa ndoto hukithiri katika theluthi ya mwisho ya usiku, na kwa kuwa misuli hulegea sana wakati huo, pumzi za wagonjwa wengi hukatika zaidi. Yaani saa inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi ndiyo saa ambapo joto la mwili wa mtaalamu mwenyewe limeshuka kabisa na kope zake ni nzito.

Akisinzia, huenda asione moyo uliobadili mapigo, au mgonjwa anayeanza kutembea usingizini huku akiburura nyaya.

Mwili una saa yake ya ndani, inayoongozwa hasa na mwangaza wa jua. Wanasayansi Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walituzwa Nobel mnamo 2017 kwa kufafanua jinsi saa hiyo inavyoendeshwa ndani ya seli. Haibadiliki kwa sababu tu ratiba ya mwajiri imebadilika.

Aidha, shirika la utafiti wa kansa lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliorodhesha kazi ya zamu za usiku mnamo 2007 miongoni mwa mambo yanayoelekea kusababisha kansa kwa binadamu, na likashikilia uamuzi huo mnamo 2019.

Hatari ya karibu zaidi iko barabarani. Kukaa macho kwa saa 24 hulemaza fahamu kama kuwa na kiwango cha pombe cha asilimia 0.10 katika damu, ilhali sheria katika sehemu kubwa ya Marekani humzuia dereva anayefikisha 0.08. Mtaalamu aliyetoka kumwonya mgonjwa asiendeshe gari akisinzia huenda akaondoka kwa gari lake katika hali iyo hiyo. Kinyozi hajinyoi.

Wazoefu hujihami kwa kulala kidogo kabla ya zamu, kunywa kahawa mapema usiku badala ya alfajiri, kuvaa miwani ya jua wanaporudi nyumbani na kutia mapazia mazito chumbani. Lakini hakuna pazia linalozuia simu, wageni, au mtoto anayetaka kucheza na mzazi wake mchana.

Isitoshe, ajira yenyewe inabadilika. Mnamo 2008, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee ilikubali kulipia mashine za hewa kwa kutegemea vipimo vilivyofanyiwa nyumbani. Wagonjwa wengi wenye dalili za wazi hawalali tena hospitalini.

Lakini vingi vya vifaa hivyo vya nyumbani havipimi ubongo, hivyo haviwezi kuthibitisha iwapo mtu alilala kweli. Wanaobaki kupelekwa hospitalini ni wale wenye maradhi ya moyo, kifafa, au wanaopigana na jinamizi kwa ngumi na mateke. Kwa hao, lazima awepo mtu aliye macho.

Wauguzi, mabawabu na madereva wa masafa marefu wanaokesha humu nchini wana saa iyo hiyo mwilini. Usingizi walioukosa usiku ni deni, na mwili huudai hata kama mdaiwa yuko kwenye usukani.