"Kwa wastani": usiandike kabla hujapiga hesabu

Kwenye maandiko ya miradi ya wakulima wa Bukoba na Muleba, neno "kwa wastani" halikosekani. Shida ni kwamba mara nyingi namba inayofuata siyo wastani: ni makadirio tu, au bei nzuri ya juzi. Na afisa mikopo atapanga marejesho yako kwa namba hiyo hiyo.

Wastani ni jumla ukigawanya kwa idadi. Basi. Kama hujapima, andika "nakadiria". Siyo aibu.

1. Bei: anza na fedha yote uliyopata

Tuseme umeuza kahawa ya maganda kilo 300 kwa shilingi 3,000, halafu kilo 100 kwa shilingi 5,000. Wengi wataandika wastani ni 4,000. Hapana. Umepata 900,000 na 500,000, jumla 1,400,000. Gawanya kwa kilo 400, unapata 3,500. Ukiandika 4,000 umejiongezea shilingi 200,000 ambazo hazipo mfukoni, na rejesho litazidai.

2. Mkungu mmoja mkubwa unadanganya

Umepima mikungu mitano: kilo 12, 14, 15, 16, na mmoja wa FHIA kilo 43. Jumla 100, wastani 20. Hesabu ni sahihi, lakini minne kati ya mitano haifiki hata kilo 17! Mnunuzi akija na gari akitegemea kilo 20 kila mkungu, mtagombana. Andika FHIA peke yake na ndizi za kienyeji peke yake. Hapo za kienyeji ni kilo 14 na robo.

3. Sema wastani wa nini, wapi, wa muda gani

Mibuni ikizaa sana mwaka huu, mwakani huwa inapumzika, kwa hiyo msimu mmoja hautoshi. Mvua nayo hivyo hivyo: Bukoba mjini hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, lakini kadiri unavyoliacha ziwa kuelekea magharibi, inapungua. Kama kibanja chako kiko mbali na ziwa, usinakili namba ya mjini.

Sentensi iweje?

Mfano: "Kwa misimu mitatu, 2022 hadi 2024, nimevuna kahawa ya maganda kwa wastani wa kilo 480 kwa ekari, msimu mbaya kilo 350, msimu mzuri kilo 600."

Usiandike "kwa wastani wa kilo 350 hadi 600". Wastani ni namba moja. Hiyo nyingine ni kiwango cha chini na cha juu. Na kama fomu ni ya Kiingereza, andika "on average", siyo "in average".

Yote haya yanataka vitu viwili tu: mizani na daftari. Anza na mavuno yanayokuja.