Kadi ya Sauti: Mlango Mwembamba wa Studio ya Kompyuta

Kadi ya sauti ni kifaa kinachosimama kati ya maikrofoni na kompyuta, na kazi yake ni kuupokea umeme dhaifu unaozaliwa na mtikisiko wa hewa, kuukuza, kuupima maelfu ya mara kwa sekunde na kuuandika kwa tarakimu ambazo kompyuta inaweza kuzihifadhi. Kisha, katika safari ya kurudi, tarakimu hizo hugeuzwa tena kuwa umeme unaotikisa spika. Karibu kila kompyuta ina kadi ndogo ya namna hiyo tumboni mwake, iliyowekwa kwa ajili ya mazungumzo na filamu, lakini anayetaka kurekodi muziki hununua ile ya nje, kisanduku kinachoshikika kwa mkono mmoja na kuunganishwa kwa waya wa USB. Huko Gety, mji mdogo wa eneo la Irumu, kusini mwa Bunia katika jimbo la Ituri, kisanduku hicho pamoja na kompyuta ya mkononi iliyokwisha kutumika vinatosha kukifanya chumba cha kawaida kuwa studio. Hata hivyo, orodha ya ununuzi ya Gety haiwezi kunakiliwa kutoka ile ya Nairobi wala Brussels, kwa sababu umeme, mvua, lugha na vifaa vya wasikilizaji wa hapo vina masharti yake, na kosa lililopita katika mlango huu halirekebishiki kwa urahisi upande wa pili.

Safari ya sauti huanzia kwenye utando mwepesi ulio ndani ya maikrofoni. Katika maikrofoni ya dainamiki, utando huo umefungwa koili ya waya inayocheza ndani ya uga wa sumaku, na mwendo wake huzaa umeme bila kuhitaji chanzo kingine; katika maikrofoni ya kondensa, utando ni mojawapo ya mabamba mawili yenye chaji, na nafasi iliyo kati yake inapobadilika umeme nao hubadilika, ndiyo maana aina hii hudai volti 48 ambazo kadi ya sauti huzipeleka kupitia waya uleule unaoleta sauti. Umeme unaotoka ni wa milivolti chache tu, kwa hiyo hupitia kwanza kikuza sauti cha awali, ambacho ndicho hutofautisha zaidi kadi nzuri na mbaya, kisha huingia katika kigeuzi kinachochukua sampuli, yaani vipimo vya papo kwa papo vya kimo cha umeme huo. Mwaka 1949 Mmarekani Claude Shannon alichapisha uthibitisho kwamba wimbi likipimwa kwa kasi inayozidi maradufu ya mtetemo wake wa juu kabisa, linaweza kujengwa upya kikamilifu kutokana na vipimo hivyo. Na kwa kuwa sikio la binadamu halisikii zaidi ya mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, yaani hezi 20,000, sampuli zaidi kidogo ya 40,000 zinatosha. Kiwango cha 44,100 kilichozoeleka kwenye CD, ambacho huonekana kama namba iliyookotwa barabarani, kilitokana na kwamba mwishoni mwa miaka ya 1970 tarakimu za sauti zilihifadhiwa kwenye mikanda ya video: sampuli 3 kwa kila mstari, mistari 245 kwa kila sehemu ya picha, na sehemu 60 kwa sekunde. Mfumo wa Ulaya wenye mistari 294 na sehemu 50 nao huleta jibu lilelile.

Kila sampuli huandikwa kwa idadi fulani ya biti. Biti 16 hutoa ngazi 65,536 kati ya ukimya na kelele, na biti 24 hutoa zaidi ya milioni 16, tofauti ambayo kinadharia ni kati ya desibeli 96 na 144. Faida ya biti 24 kwa anayeanza haimo katika utamu wa sauti, jambo ambalo matangazo hulitia chumvi, bali katika usalama: mrekodi anaweza kuacha nafasi kubwa juu, ili mwimbaji akipaza sauti ghafla wimbi lisikatwe kichwa, kwa maana tarakimu zikifika ukomo wake hakuna programu inayoweza kujua kilichokuwa juu ya ukomo huo. Gharama yake ni nafasi. Njia moja ya sauti ya biti 24 iliyopimwa mara 48,000 kwa sekunde hula megabaiti 8.64 kwa dakika, hivyo wimbo wa dakika 4 wenye njia 10 huchukua takribani megabaiti 346. Anayepandisha kipimo hadi 96,000 huzidisha mzigo huo mara mbili kwa ajili ya mitetemo ambayo popo wa Gety ndio pekee wangeifaidi.

Jambo linalowasumbua wengi kuliko hilo ni kuchelewa kwa sauti. Kompyuta haishughulikii sampuli mojamoja, bali huzikusanya mafungu kwa mafungu, na fungu la sampuli 256 kwa kasi ya 48,000 huchelewesha sauti kwa milisekunde 5.3, muda ambao sauti hewani husafiri chini ya mita 2. Fungu la 1,024 huchelewesha milisekunde 21, sawa na kumsikia mpiga gitaa aliyesimama umbali wa mita 7. Mwimbaji anayejisikia akichelewa huanza naye kusuasua, na mara nyingi lawama humwangukia bure. Dawa ni kutumia fungu dogo wakati wa kurekodi na kubwa wakati wa kuchanganya, au kuchagua kadi yenye swichi inayompelekea mwimbaji sauti yake moja kwa moja kabla haijaingia kwenye kompyuta.

Kwa Gety, hata hivyo, kifaa cha kwanza kununuliwa hakipaswi kuwa kadi wala maikrofoni, bali betri. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200. Ikiwa ni ya risasi haifai kumalizwa zaidi ya nusu, na invata nayo hupoteza kama asilimia 15, kwa hiyo zinabaki wati-saa 510 hivi, ambazo huiendesha kompyuta ya mkononi inayotumia wati 40 kwa takribani saa 12. Kadi ya sauti inayolishwa na USB ya kawaida haizidi wati 2.5, lakini spika kubwa za studio ndizo walafi wa kweli. Ubora wa umeme una uzito zaidi kuliko wingi wake: invata za bei nafuu hutoa wimbi la ngazingazi badala ya wimbi laini, na ngazi hizo huingia kwenye waya za maikrofoni kama mlio wa nyuki, ilhali jenereta huongeza ngurumo yake kupitia hewa na kupitia waya pia. Hila isiyogharimu hata faranga moja ni kuchomoa chaja wakati wa kurekodi na kuiacha kompyuta itumie betri yake yenyewe, kwani mvumo mwingi unaodhaniwa kuwa ubovu wa kadi hutoweka papo hapo.

Baada ya umeme huja kelele, na hapa ushauri unaotolewa kwingineko hupotosha. Maikrofoni ya kondensa husifiwa kwa kunasa kila kitu, na ndivyo ilivyo: katika nyumba ya mabati hunasa pia mvua, jogoo, pikipiki na mtoto wa jirani. Maikrofoni ya dainamiki, kama ile ya Shure SM58 iliyotoka mwaka 1966 na ambayo nakala zake za bandia zimejaa masokoni, huwekwa karibu na mdomo na hupuuza mengi ya mbali. Trei za mayai zinazobandikwa ukutani hazizuii sauti kuingia wala kutoka. Hupunguza kidogo mwangwi wa mitetemo ya juu tu, huku godoro lililosimamishwa nyuma ya mwimbaji na mablanketi mazito yaliyoning'inizwa mbali kidogo na ukuta yakifanya kazi kubwa zaidi. Kwa kwaya, ambazo katika miji ya Ituri ni miongoni mwa wateja wakuu wa studio, chumba kidogo hakifai kabisa: ni heri kuzifuata kanisani siku isiyo na mvua, kusimamisha maikrofoni mbili zinazosikia zaidi upande wa mbele, zikiachana sentimita 17 na kuelekea nje kwa pembe ya digrii 110 kati yake, mpango uliobuniwa na redio ya taifa ya Ufaransa na unaokaribia umbali wa masikio mawili ya binadamu, kisha kuwasogeza waimbaji wenye sauti kubwa nyuma badala ya kutegemea marekebisho ya baadaye.

Historia ya eneo lenyewe inathibitisha kwamba mahali na sikio hutangulia mashine. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipita kingo za msitu wa Ituri mwaka 1952 akirekodi muziki wa Wambuti, Wanande na Wabira mahali ulipokuwa ukipigwa, na wimbo wa wasichana wa Kimbuti wa kuingizwa utu uzima, uliorekodiwa na mwanaanthropolojia Colin Turnbull katika miaka ya 1950, umo kwenye sahani ya dhahabu iliyorushwa pamoja na vyombo vya angani vya Voyager mwaka 1977. Voyager 1 ilivuka mpaka wa upepo wa jua mwaka 2012, kwa hiyo sauti ya Ituri imefika mbali kuliko kifaa chochote kilichotengenezwa kurekodi muziki leo. Huko Kinshasa kundi la Konono N°1 lilitengeneza vinasa sauti vya likembe, ala ya ndimi za chuma, kwa sumaku zilizotolewa kwenye magari mabovu, kanuni ileile ya maikrofoni ya dainamiki, na mkwaruzo uliotokana na vifaa hivyo ndio uliolipatia sifa nje ya nchi.

Kuhusu kompyuta yenyewe hakuna mengi ya kusema. Mashine za ofisi zilizotumika, zinazoingia Bunia kwa njia ya Uganda, zinafaa zikiwa na RAM ya gigabaiti 8 au zaidi na diski ya aina ya SSD, ambayo haina sehemu inayozunguka na kwa hiyo haiogopi mitikisiko ya barabara ya Gety. Afya ya betri ndiyo ikaguliwe kwanza.

Programu zina hadithi ndefu zaidi. Audacity, iliyotolewa bure tangu mwaka 2000, inatosha kurekodi na kukata hotuba na kwaya, lakini haikuundwa kwa ajili ya kujenga midundo. FL Studio, iliyoanza Ubelgiji mwaka 1997, imeenea Afrika Mashariki na ni mojawapo ya programu zilizozaa singeli, muziki wa kasi uliotoka katika mitaa ya Dar es Salaam na kutangazwa nje na lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, kupitia mkusanyo wa Sounds of Sisso wa mwaka 2017. Toleo lake la majaribio huruhusu kuhifadhi kazi lakini haliifungui tena mpaka mtu alipie. Reaper hujaribiwa kwa siku 60, leseni yake ya mtu binafsi ni dola 60, na ni nyepesi kiasi kwamba hupakuliwa hata kwenye mtandao wa kusuasua. Nakala zilizovunjwa kufuli zinazopitishwa kwa flashi huleta virusi mara nyingi, na katika mji ambao fundi wa kompyuta yuko mbali, bei yake halisi hujulikana baadaye. Rey Sapienz, mtayarishaji na mwanamuziki mwenye asili ya Bunia anayefanya kazi Kampala, alishiriki kuanzisha lebo ya Hakuna Kulala na mwaka 2021 akatoa albamu ya Na Zala Zala, ushahidi kwamba kompyuta ya kawaida mikononi mwa mtu wa Ituri inaweza kutoa kitu kisichofanana na cha mtu mwingine.

Hapo ndipo ala na lugha za wenyeji zinapoingia. Kibodi ya muziki huwasiliana na programu kwa MIDI, utaratibu uliooneshwa hadharani mwaka 1983, ambao hautumi sauti bali maagizo: noti ipi, kwa nguvu gani kati ya 0 na 127, ianze lini na iishe lini. Utaratibu huo hudhani kwamba kila oktava ina noti 12 zilizo sawa, wakati likembe nyingi hazikutiwa sauti hivyo, na anayezilazimisha kuingia humo huzigeuza kuwa piano dhaifu. Tahadhari kubwa zaidi inahusu Auto-Tune, programu ya kusahihisha kimo cha sauti ya mwimbaji, iliyotolewa mwaka 1997 na Andy Hildebrand, mtaalamu ambaye hapo awali alichanganua mawimbi ya ardhini katika utafutaji wa mafuta. Kingiti, lugha ya wenyeji wa Gety, ni lugha ya toni, maana yake kimo cha sauti hubadili maana ya neno. Auto-Tune ikiwekwa kwa kasi ya juu hunyoosha miteremko midogo inayobeba maana hizo, kwa hiyo kwa nyimbo za Kingiti ni busara kasi yake ipunguzwe, na msikilizaji mzawa aulizwe kama amesikia neno lililokusudiwa.

Usikilizaji wa mwisho hufanyika kwa vifaa viwili. Hedifoni zilizofungwa, mfano wa Sony MDR-7506 ya mwaka 1991, hukwepa kasoro za chumba na hazisumbui betri. Kifaa cha pili ni simu ya bei nafuu, kwa kuwa ndicho chombo cha wasikilizaji wengi. Spika ya simu haitoi mitetemo ya chini ya hezi mia kadhaa, ilhali uzi mnene wa gitaa la besi hutetemeka mara 41 kwa sekunde. Kwa bahati, ubongo ukisikia mitetemo ya 82, 123, 164 na mingineyo ya mfululizo huo huijenga yenyewe ile ya 41 iliyokosekana, hata ikibaki sehemu ya juu tu ya mfululizo. Ndiyo sababu watayarishaji huongeza mkwaruzo kidogo kwenye besi ili mitetemo hiyo ya juu izaliwe.

Elimu ya haya yote huhitaji mpango kwa sababu megabaiti ni ghali. Video za mafunzo zinafaa kupakuliwa mara moja mjini Bunia kwa ubora wa chini wa picha na kugawanywa kwa kadi ya kumbukumbu, lakini video humwonesha mtu kitufe cha kubonyeza bila kumweleza sababu, na wanafunzi wengi hukwama hapo. Kitabu cha mwongozo cha Reaper hutolewa bure na kina mamia ya kurasa, ingawa kwa Kiingereza. Miongozo inayokuja na kadi za sauti huwa na sehemu ya Kifaransa, ambayo msomaji wa Gety huielewa na ambayo mara nyingi hutupwa pamoja na boksi lake. Zoezi lenye faida kuliko yote halihitaji mtandao: kuingiza ndani ya programu wimbo mmoja unaopendwa, kuushusha hadi ulingane kwa sauti na kazi inayotengenezwa, na kupokezana kati ya hizo mbili kila baada ya dakika chache, kwanza besi peke yake, kisha sauti ya mwimbaji, kisha ngoma, jioni baada ya jioni mpaka chaji ya betri iishe.