Mbu Hufuata Harufu Yako

Ukiketi kando ya bwawa la Mtera baada ya jua kuzama, mbu wa malaria hahitaji taa ili akupate. Hukunusa. Hana pua kama yetu, bali ana vipapasio viwili kichwani vyenye vinyweleo vidogo mno vya kunusia, pamoja na viungo vingine viwili kando ya mrija wake wa kunyonya damu. Anayeuma ni jike tu, kwani anahitaji damu ili mayai yake yakomae.

Kwanza hunasa hewa ya ukaa tunayoitoa tunapopumua, naye huruka kuelekea inakotoka. Akikaribia, huongozwa na joto la mwili na harufu ya ngozi. Jasho jipya halinuki sana. Wanaolinukisha ni bakteria wanaoishi juu ya ngozi, hasa miguuni. Mwaka 1996 wataalamu wawili wa Uholanzi, Bart Knols na Ruurd de Jong, walieleza kwamba mbu wa malaria huvutwa na jibini la Limburger, ambalo hunuka kama miguu ya mtu. Msicheke, maana jambo hilo lilizaa matunda hapa kwetu. Huko Ifakara, Fredros Okumu na wenzake walichanganya hewa ya ukaa, amonia na tindikali za jasho. Mwaka 2010 walionyesha kwamba mchanganyiko huo, ukiwekwa katika kibanda cha peke yake, ulivuta mbu wengi kuliko mtu aliyelala katika kibanda kingine.

Wengine watauliza, basi tukiosha miguu tutapona? Usafi ni mzuri, lakini hautoshi. Watu walipooshwa miguu kwa sabuni ya kuua bakteria, mbu walitafuta sehemu nyingine za kuuma.

Kuna wawili ambao sisi wauguzi tunawahofia zaidi. Wa kwanza ni mama mjamzito. Utafiti uliofanyika Gambia na kutangazwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba huvuta mbu karibu mara mbili ya mwanamke asiye na mimba, kwa sababu hupumua hewa nyingi zaidi na mwili wake una joto zaidi. Wa pili ni mtoto mwenye vimelea vya malaria katika damu ambaye hajatibiwa. Mwaka 2005 ilitangazwa kwamba magharibi mwa Kenya watoto waliobeba vimelea vilivyo tayari kuingia kwa mbu walivuta mbu karibu mara mbili ya wenzao. Walipotibiwa, tofauti hiyo iliisha. Kwa hiyo mama anayekatisha dawa ya mseto siku ya pili kwa sababu homa imeshuka anawaweka hatarini hata majirani.

Sasa niseme na ninyi wavuvi. Mnajua kazi ya chambo. Ukilala ndani ya chandarua chenye dawa, chambo ni wewe mwenyewe: mbu hunusa pumzi yako, hutua kwenye wavu, hugusa dawa na wengi hufa. Lakini chandarua kilichotoboka, au kisichochomekwa chini ya godoro au mkeka, ni sawa na mtego uliofunguka. Anayekivulia samaki au kukizungushia bustani ya mchicha amejinyima ulinzi huo.

Tatizo ni saa zile za kutengeneza nyavu na kungoja ugali nje, kabla ya kulala. Hapo vaeni suruali ndefu na soksi, maana mbu wetu hupenda kuuma chini, miguuni, na mjipake dawa ya kufukuza mbu. Ifakara wamejaribu hata kandambili zilizofungwa vipande vya gunia vyenye dawa. Moshi wa kuni hupunguza kidogo, lakini kwa mtoto mwenye kifua ni balaa jingine.

Mama mjamzito hupewa chandarua anapohudhuria kliniki mara ya kwanza, na mtoto anapopelekwa chanjo ya surua. Kiulizeni. Cha zamani kikiwa na tundu, sindano na uzi vinatosha.