Dari ya Mawe Huua kwa Kusukuma

Riwaya ya Ken Follett, The Pillars of the Earth, iliyochapishwa mwaka 1989, imejaa watu wabaya. Mimi namwogopa zaidi Alfred, mwana wa fundi Tom. Si kwa ukatili wake tu. Anajenga dari ya mawe juu ya kuta za kanisa ambazo baba yake alizikadiria kwa dari ya mbao, na siku ya ibada dari inawaporomokea waumini.

Kingsbridge, mji wenye kanisa hilo, ni wa kubuni. Fizikia yake ni ya kweli.

Jiwe hustahimili sana kukandamizwa, ila likivutwa hupasuka upesi. Chokaa inayounga mawe ni dhaifu zaidi, tena hukomaa polepole kwa kufyonza kaboni dioksaidi hewani. Ndiyo maana waashi wa karne ya 12 walitumia matao, ambamo kila jiwe hukandamiza jirani yake. Lakini miguu ya tao daima hutaka kutanuka, ikiusukuma ukuta nje. Ama uufanye ukuta kuwa mnene, ama uuegemeze kwa nusu-tao la nje linaloupokea msukumo huo na kuuteremsha ardhini. Jack, mrithi halisi wa ufundi wa Tom, anaifikia njia hiyo ya pili baada ya kuchunguza nyufa.

Je, Follett alimpendelea Jack kwa kumfanya agundue hayo kutokana na nyufa tu? Katika karne ya 20, mhandisi Robert Mark wa Chuo Kikuu cha Princeton alichonga modeli za makanisa kwa plastiki angavu. Alizipasha moto, akazining'inizia uzito, akaziacha zipoe. Zilipomulikwa kwa mwanga uliochujwa, mistari ya rangi ilijitokeza, ikisongamana palipoelemewa zaidi. Alipima hata nguvu ya upepo. Maoni yake ni kwamba waashi walisoma nyufa za chokaa mbichi na kurekebisha jengo likiwa bado mikononi mwao. Jack hakupendelewa.

Wasiobahatika walikuwa mafundi wa kanisa la Beauvais, Ufaransa. Dari yao, yenye kimo cha mita 48 hivi, ilianguka mwaka 1284, miaka 12 tu baada ya kukamilika. Waliijenga upya kwa kuongeza nguzo katikati ya zile za awali. Mwaka 1573 mnara nao ukaanguka. Kanisa hilo halijamalizika hadi leo, na ndani yake kuna viunzi vinavyolishikilia.