Fundi wa Kompyuta Akikunja Uso, Ofisi Hunyamaza

Bi mmoja wa makamo, karani wa malipo katika ofisi moja hapa Mombasa nisiyoitaja, alifungua barua pepe iliyosema kuna ankara haijalipwa. Akabonyeza, ukatokea ukurasa unaotaka neno lake la siri. Akaliandika. Ukurasa ukapotea, na ankara hakuiona. Hapo moyo ukamwenda mbio.

Kilichotakiwa ni kuinua simu amwite kijana wa kompyuta. Hakuinua. Wiki mbili kabla, alimuuliza kijana huyo kwa nini printa haichapi, akajibiwa mbele ya wenziwe: "Mama, hata waya umechomoka huoni?" Ofisi nzima ikaangua kicheko. Mimi nilikuwa meza ya pili, nami nakiri nilicheka. Basi safari hii alifunga mashine yake akenda zake nyumbani. Siku ya nne ndipo aliponinong'oneza.

Wengi hudhani usalama wa kompyuta ni programu za bei ghali. Lakini mara nyingi mwizi huingia kwa kumhadaa mtu, na mtu huyo ndiye wa kwanza kushuku. Akisema mapema, fundi hubadilisha neno la siri, humtoa aliyeingia kwa akaunti ile, na kuwaonya wengine wasiifungue barua kama hiyo. Akinyamaza siku nne, mwizi anasoma barua zote kwa raha zake. Anajua nani hulipwa lini, na anaweza kuandika kwa jina la karani kuomba pesa zipelekwe akaunti nyingine. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Na si pesa za ofisi pekee. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka mwenye kuhifadhi taarifa za watu, zikidukuliwa kwa namna inayoweza kuwadhuru, amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue. Tangu ajue! Ofisi ambayo wafanyakazi wake wanaogopa kusema, itajua lini? Huku mgonjwa aliyeacha namba ya kitambulisho hospitalini, au mwanachama wa sacco, hana habari kwamba mambo yake yako mikononi mwa wengine.

Dharau ina njia nyingine ya kubomoa. Mtu akisahau neno la siri, na kuomba jipya ni kutafuta kusimangwa, ataliandika kwenye karatasi alibandike chini ya kibodi, au atumie la jirani. Ukizunguka maofisini utaziona karatasi hizo. Kisha fundi hulalama kwamba watu hawafuati kanuni.

Nisiwaonee vijana hawa. Aghalabu ni mmoja tu kwa ofisi nzima. Huitwa kwa printa, kwa intaneti, na bosi humpeleka hata nyumbani kwake kutengeneza televisheni. Mambo yakienda sawa hakuna amkumbukaye. Yakiharibika, lawama zote zake. Uso ukikunjika si ajabu. Wakubwa wanaomwacha peke yake nao wana sehemu yao katika jambo hili.

Siku ile ya nne nilimsindikiza bi kwa kijana. Alipochunguza, akakuta barua tatu zimeshatumwa kwa wateja wetu kwa jina la bi, zikiwapa akaunti mpya ya kulipia. Kwa bahati, mteja mmoja alipiga simu kuuliza kabla ya kulipa, na wale wawili tuliwawahi.

"Kwa nini hukuniita siku ile ile?" kijana akauliza.

"Mwanangu, ungenicheka."

Hakujibu. Siku hizi akiitwa huvuta kiti akaketi kwanza, ndipo aulize kuna nini. Simu yake hulia kutwa kuliko zamani, na halichoki kulilalamikia hilo.