Taa za Ishara Zikigoma: Ukaguzi Ambao Kila Dereva Anauweza

Katika mpaka wa Katuna, dereva atokaye Uganda huacha upande wa kushoto wa barabara na kushika wa kulia aingiapo Rwanda. Mpondwe nako, aingiaye Kongo hufanya vivyo hivyo. Mahali ambapo madereva hawana lugha moja wala mazoea mamoja, taa ya ishara ndiyo kauli inayoeleweka na wote. Gari likikata kona bila ishara, mwendesha bodaboda aliye nyuma hana namna ya kujua. Kwa hiyo tunawaeleza ndugu wasomaji jinsi ya kutambua hitilafu za taa hizo.

Kabla ya safari, washa indiketa ya kushoto, ya kulia, kisha taa za hatari, huku mwenzako akilizunguka gari. Taa nzima humeta kati ya mara 60 na 120 kwa dakika.

Upande mmoja ukimeta kwa haraka isiyo ya kawaida, aghalabu balbu moja ya upande huo imeungua. Balbu mpya ilingane na ile ya zamani kwa wati na volti. Magari madogo hutumia volti 12, malori mengi 24.

Balbu ikiwa nzima lakini haiwaki, tazama kishikio chake. Safisha kutu, kisha kaza waya wa athi unaofungwa kwenye bodi. Athi ikilegea, taa hufifia, au taa ya breki humeta pamoja na indiketa.

Taa za hatari zikifanya kazi ilhali indiketa za pande zote mbili zimekufa, balbu hazina kosa. Katika magari mengi, taa za hatari hupata umeme wa betri hata gari likiwa limezimwa, bali indiketa hupitia swichi ya kuwashia gari. Kagua fyuzi ya indiketa, kisha mkono wake kwenye usukani. Zote zikizimika, kagua fyuzi, halafu flasha. Zikiwaka bila kumeta, shuku flasha.

Fyuzi iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine ya ampea zilezile. Kuziba nafasi yake kwa kipande cha waya ni kuliwekea gari moto. Fyuzi mpya ikiungua tena, mwone fundi umeme wa magari.

Tunasisitiza pia matumizi sahihi. Taa za hatari ni za gari lililosimama kwa dharura, pamoja na pembetatu za kuakisi. Wapo wanaoziwasha ili kuashiria kwamba wananyoosha moja kwa moja kwenye njia panda. Aliye ubavuni huona taa ya upande mmoja tu, akadhani unageuka, naye akaingia barabarani.

Askari wetu akikuonyesha taa iliyozimika, itengeneze kabla hujaendelea na safari. Balbu ni kitu kidogo. Uhai haununuliwi dukani.